Barua ya wazi kwa wakubwa wa utumishi: naomba karatasi inayosema sikufoji cheti

Waheshimiwa mnaosimamia utumishi wa umma, nyie wa halmashauri, na nyie wa mifuko ya hifadhi ya jamii.

Mlionizidi umri shikamooni. Wadogo zangu ambao siku hizi ndo mmekalia hivyo viti, habari za kazi.

Mimi ni dereva. Nilikuwa dereva wa serikali, naendesha gari la wagonjwa kwenye kituo cha afya huku kusini, wilaya siitaji na halmashauri siitaji kwa sababu sijaandika ili nimchongee mtu, na wengi waliokuwepo wakati ule wameshahamishwa au wamestaafu. Naandika kwa sababu tangu 2017 natafuta kazi ya maana na kila nikikaribia kuipata kuna karatasi moja inanirudisha nyuma, na hiyo karatasi mliniandikia nyie wenyewe.

Niliingia 2001 kama kibarua. Enzi hizo halmashauri ikipata gari inatafuta mtu anayejua gari, basi, hakuna aliyeuliza umeishia darasa la ngapi, walikuuliza ukinasa kwenye tope unajinasuaje na difu ikilia unaisikiaje. Mimi nilikuwa nimetoka utingo wa lori la chumvi mpaka nikapewa usukani, barabara ya huku naijua ilivyo masika na kiangazi. Nikapewa Landkruza mkonga, hadtopu, kitanda kimoja nyuma na benchi la ndugu wa mgonjwa. Safari nyingi zilikuwa za hospitali ya Ndanda, nyingine hospitali ya Ligula pale Mtwara mjini, na mara mojamoja wanakwambia huyu ni wa Muhimbili, jaza tenki uondoke.

Vijana wanaopanda basi asubuhi Masasi na jioni wako Mbagala hawawezi kuelewa Muhimbili ile ilikuwa safari ya namna gani. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, ukifika Rufiji usiku ndo umefika, kivuko kimelala na wewe unalala, na nyuma kuna mama anaugulia, nesi kashika chupa ya dripu kwa mkono mana ndoano imekatika njiani. Na hata daraja lilipokuja bado kulikuwa na kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilometa 60 hivi, wenyeji wa huku wanakijua, mvua ikinyesha malori yanapanga foleni kwenye tope na wewe una mgonjwa, inabidi ushuke uongee na madereva mmojammoja wakupishe. Hizo kazi zote nilifanya na cheti changu cha darasa la saba, na hakuna mgonjwa aliyewahi kukataa kupanda.

Barua ya ajira ya kudumu nilipewa Agosti 2004. Naomba hiyo tarehe mwikumbuke mana ndo iliyonimaliza. Kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kiwango cha elimu nikaandika DARASA LA SABA kwa herufi kubwa kama fomu ilivyotaka, afisa akasoma, akagonga mhuri, akanipa mkono, nikaanza kukatwa mchango wa pensheni mwezi uliofuata. Sikuambiwa na mtu kwamba miezi mitatu nyuma, tarehe 20 Mei 2004, ulishatoka waraka unaosema sifa ya kuingia utumishi wa umma ni kidato cha nne. Yani waliokuwa na waraka ni nyie, waliokuwa na mhuri ni nyie, mimi nilikuwa na kalamu tu.

Basi ikaja 2017. Tarehe 28 Aprili hayati Magufuli alikabidhiwa ile ripoti pale Dodoma, watumishi 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Nilikuwa naangalia kwenye tivii ya mapokezi pale kituoni na nilifurahi kabisa, na hata leo siwatetei waliofoji, nisingependa mjukuu wangu achomwe sindano na mtu aliyenunua cheti Kariakoo. Nikajua mimi halinihusu, sina cheti cha kidato cha nne cha kweli wala cha uongo. Kumbe zoezi likiendelea linafika na kwetu, wahudumu wa afya, walinzi, wasaidizi wa ofisi, watendaji wa vijiji, madereva, wote ambao tuliishia la saba na tukasema hivyo tangu siku ya kwanza.

Barua niliyopewa ina mistari minne. Inasema nimeondolewa kwenye orodha ya malipo ya mshahara kutokana na zoezi la uhakiki wa vyeti kwa kukosa sifa za kimuundo. Mwisho wa barua. Hakuna neno kwamba nilifanya kazi toka lini, hakuna neno kwamba gari niliyokabidhiwa nimeirudisha nzima, hakuna neno kwamba sijawahi kusababisha ajali. Mtu yeyote Tanzania hii ukimwonyesha barua ya 2017 yenye maneno "uhakiki wa vyeti" anamaliza kusoma hapohapo, kichwani keshaandika vyeti feki, afu anakurudishia kwa adabu anakwambia tutakupigia.

Aprili 2018 mkatupa matumaini. Waziri wa utumishi wakati ule, mheshimiwa Mkuchika, alisimama bungeni akasema darasa la saba walioajiriwa kabla ya 20 Mei 2004 warudishwe kazini na walipwe mishahara yao. Nilisikia kwenye redio ya bodaboda kijiweni, jamaa wakanibeba juujuu, kesho yake alfajiri niko mlangoni kwa afisa utumishi nimenyoosha shati. Kijana mmoja mpole sana, wala simlaumu, akatoa faili langu, akafungua, akaweka kidole kwenye tarehe. Agosti. Nikamwambia mwanangu mimi nipo hapa toka 2001, angalia hizo vocha za vibarua zina sahihi yangu kila mwezi, akasema baba naziona lakini maelekezo yanasema tarehe ya barua ya ajira. Mwenzangu ambaye tuliingia wote, yeye barua yake ilichapwa Machi kwa sababu jina lake linaanza na A, alirudi kazini na akalipwa malimbikizo, mpaka leo tunasalimiana vizuri na akipata safari ya mbali ananipitisha kunipa hela ya chai.

Sasa nakuja kwenye kutafuta kazi, mana watu wanadhani dereva hakosi kazi.

Huku kwetu kazi ya dereva ni korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba mafuso yanatoka kwenye maghala ya vyama vya msingi kwenda maghala makuu na bandarini Mtwara, na dereva mzuri anaweza kula msimu mmoja akapumua mpaka katikati ya mwaka. 2018 nikapata tajiri mwenye Fuso, tajiri mwenyewe nilishawahi kumpeleka mama yake Ndanda usiku kwa hiyo hakuuliza barua. Tumefunga turubai, tumebadilisha matairi ya nyuma, tunasubiri mnada. Mnaukumbuka mnada wa mwaka ule nyie? Wakulima wakakataa bei, Novemba serikali ikatangaza inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Wakulima walishangilia na walikuwa na haki ya kushangilia, bei ya wanunuzi ilikuwa ya kunyonya. Ila malori ya jeshi yalipoanza kupita yamejaa magunia, Fuso yetu ikabaki imepaki chini ya mwembe na tajiri akaanza kuzungumzia kuiuza. Ndani ya miezi kumi na nane nilikuwa nimekosa kazi mara mbili na mara zote nimejulia kwenye taarifa ya habari.

Baada ya hapo nimepiga deiwaka. Kwa wasiojua, deiwaka ni dereva asiye na gari, unakaa stendi unasubiri mwenye gari lake achoke au aumwe au afiwe, anakupa tripu mbili tatu, hesabu ya tajiri unapeleka wewe, kinachobaki mnagawana. Ukiwa na miaka 25 deiwaka ni shule nzuri. Ukiwa na miaka 45 na zaidi unakaa kwenye benchi na watoto waliozaliwa wakati wewe unavuka Rufiji na kivuko, wanakuita mzee kwa heshima lakini tripu wanapeana wao kwa wao, na ukiangalia kwa haki wana sababu, wao ndo wanaamka saa tisa usiku kuosha gari.

Nikasema ngoja nirudi kwenye njia rasmi. Binti yangu akanifungulia akaunti ya ajira potali, ule mtandao wa kuombea kazi serikalini, akanisomea tangazo la dereva daraja la pili, na nimelikariri kama sala: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C ambayo umeifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA au chuo kinachotambulika. Leseni ninayo, ya kweli, nailipia kila ikiisha. Cha VETA nilikwenda kukisomea kwa hela ya bodaboda, na mwalimu siku ya pili aliniomba nisimame mbele niwaeleze vijana namna ya kushuka mlima na gari lililobeba mgonjwa wa mgongo. Kidato cha nne nikaanza, nimefanya mtihani wa QT, ule wa kukuruhusu ukafanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa na mvi, kwenye chumba kimoja na mabinti wenye watoto mgongoni, hesabu imenitesa lakini nikapita. Afu binti akateremsha ukurasa mpaka chini kwenye masharti ya jumla: umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa wale tu walioko kazini serikalini.

Hiyo isipokuwa naomba muisome tena taratibu. Mtu aliyeko kazini umri haumzuii. Mtu mliyemtoa kazini kwa kukosa kidato cha nne, akaenda kukitafuta, akirudi nacho umri unamzuia. Sasa mlitaka akasome aje nacho wapi?

Nikajaribu mikopo. Ile asilimia kumi ya halmashauri mmeigawa vizuri tu, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mimi mwanamke siye, ulemavu sina namshukuru Mungu, na ujana hata mkiuvuta vipi haunifikii. Afisa maendeleo ya jamii dada mmoja mcheshi akaniambia baba labda umlete mama na wenzake. Mama kaenda na wenzake, wana kikundi, wanafuga kuku, na hela ya shule ya mdogo inatoka huko. Kwa hiyo hapo sina lawama, isipokuwa nimegundua kwamba kwenye makundi yenu yote hakuna kundi la baba mzima aliyepoteza kazi.

Pensheni ndo imenikata maini. Novemba 2022 serikali ya mama Samia ilianza kuwarudishia waliotolewa kwa vyeti feki michango yao waliyokatwa, ile asilimia tano ya kwao. Ni uamuzi wa huruma na nampa pongezi zake, mana waliofoji nao walifanya kazi na wana watoto. Nikaenda na mimi dirishani, vitambulisho vyote, barua ya ajira, salari slipu za miaka na miaka nimezifunga kwa mpira. Dada wa dirishani kaangalia kompyuta kanipa fomu. Nimevaa miwani nasoma, pale juu imeandikwa ni ya watumishi walioondolewa kwa kughushi vyeti, na chini unasaini kwamba maelezo ni ya kweli.

Nikamwambia mwanangu mimi sikughushi. Akasema baba naelewa, lakini mfumo unakuonyesha uko kwenye kundi hilo na sina fomu nyingine, we saini tu ulipwe, watu wote wanasaini. Nyuma yangu foleni ndefu, mwingine ananisukuma kwa kiwiko, mzee saini twende. Sikusaini. Nyumbani mke wangu akaniuliza hiyo heshima nitaipika na nini, na swali lake lilikuwa la haki kabisa, ada ilikuwa haijalipwa. Ila nikamwuliza yeye na mimi nikishasaini kwamba nilifoji, huyo mwajiri wa kesho nitamwambiaje tofauti, na serikali yenyewe nitaishtaki vipi kwamba inanisingizia wakati ina sahihi yangu? Akanyamaza, akaenda kulisha kuku. Hela ipo huko mpaka leo. Nimeandika barua, nimejibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

Wapo wenzangu wengi wa namna hii na kila mtu ana lake. Mtendaji mmoja wa kijiji saivi ana duka la kutolea kopi na kupiga picha za pasipoti karibu kabisa na ofisi iliyomtoa, na watumishi wote wanatoa kopi kwake, anacheka anasema serikali bado inamlipa mshahara ila kwa shilingi mia mia. Mhudumu wa afya mmoja mama yangu mdogo kabisa kwa ukoo, ambaye manesi wapya wote wa pale yeye ndo aliwafundisha kutandika kitanda cha mgonjwa bila kumtoa, anauza vitumbua. Anaamkia saa kumi, saa moja vimeisha. Akikutana na daktari njiani bado wanamuuliza mama fulani yule mgonjwa wa kijiji kile dawa zake aliishia wapi, na anawajibu.

Sasa waheshimiwa ombi. Sijaandika nirudishiwe ile kazi, gari lenyewe lile lilishauzwa kwa mnada na nafasi imepata kijana ambaye anaendesha vizuri, namsifu. Siombi malimbikizo pia, mkitaka kuyaleta sitafunga mlango lakini siyo nilichokujia.

Naomba kwanza mtenganishe. Kwenye mafaili yenu na kwenye kompyuta zenu aliyefoji awe kundi lake na asiyekuwa na cheti akasema hana awe kundi lake. Hamhitaji kamati kwa hilo, fomu tulizojaza siku ya kuajiriwa zipo, aliyeandika darasa la saba ameandika, na aliyeandika kidato cha nne ameandika. Ni kufungua faili na kusoma mstari mmoja. Mkishafanya hivyo ile fomu ya dirishani itabadilika yenyewe na nitasaini siku hiyohiyo.

Afu mtupe barua ya utumishi. Kila mwajiri wa maana anaidai, mwenye shule anaidai, kampuni za mabasi zinaidai, migodi ndo usiseme. Iseme mtu huyu alifanya kazi kwetu kuanzia mwaka fulani mpaka mwaka fulani, ikiwemo ile miaka ya ukibarua, kazi yake ilikuwa hii, rekodi yake ya ajali ni hii, ameondoka kwa sababu muundo ulibadilika. Hiyo ni kweli tupu na haiwagharimu hata shilingi zaidi ya wino. VETA wanazunguka wanarasimisha mafundi waliojifunzia kazi mtaani, waashi, maseremala, mafundi magari, wanawapima kwa vitendo wanawapa cheti, na ni mpango mzuri sana. Sasa kama serikali inaweza kumtambua fundi ambaye haijawahi kumwona inashindwaje kumtambua dereva iliyemlipa yenyewe kila mwezi?

Na lile sharti la miaka 45, ongezeni mstari mmoja tu baada ya wale walioko kazini, waongezeni na walioondolewa kwa kukosa sifa ambao sasa wameshazipata. Hatutakuwa wengi. Wengi wetu tumeshachoka au tumeshakufa.

Haraka yangu ya kuandika leo ni hii. Kuna shule ya inglishi midiamu hapa mjini wana Koasta mbili na dereva wao mmoja anaondoka Desemba. Mwenye shule kanijaribu njiani na watoto ndani, karidhika, mshahara siyo mkubwa lakini una mwisho wa mwezi, bima ya afya ipo. Cheti cha tabia njema cha polisi nimeshachukua, alama za vidole nimeweka, barua ya serikali ya mtaa ninayo. Kimebaki kitu kimoja, barua kutoka kwa mwajiri wa mwisho, na ile ya mistari minne kaisoma akanitazama kidogo akasema mzee hii siwezi kuwaonyesha wazazi. Kanipa mpaka shule zitakapofunguliwa Januari.

Faili langu lipo masjala, lile la karatasi la rangi ya kaki, kijana aliyenionyesha tarehe 2018 bado yupo na anajua kabati. Akiona hii barua jina langu atalijua. Namba yangu ya simu ni ileile, imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya pale nilipoandika darasa la saba.

Wenu,
Dereva wa zamani wa gari la wagonjwa, kusini